Wimbo Uliotoka Kabla ya Septemba

Valea Nucului, 6 Desemba

Mama, nabusu mkono wako,

U hali gani huko Padova? Goti linasemaje, bado linapiga kelele ukipanda ngazi? Na huyo kikongwe unayemtunza, Signora Ines, siku hizi anameza supu au bado anakutemea? Huku sisi wazima. Babu Simion anakohoa, ila anakohoa kwa raha, maana pipa la divai mpya limefunguliwa. Mimi usiniulize. Nimependeza hadi natia huruma. Harusini Jumamosi bibi harusi alimtazama mpiga kodiani kuliko alivyomtazama mumewe. Babu anasema alikuwa anatazama zipu yangu, nilisahau kuifunga. Wivu wa wazee, mama.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Babu hunipokonya kabla sijamaliza salamu, akueleze habari za mbuzi. Barua hii analeta mjomba Fedea kwenye basi lake la vifurushi, pamoja na jibini na mitungi miwili ya tikiti maji la siki. Mtungi mmoja ukifika nusu, muulize yeye.

Sasa kaa chini. Nimejiandikisha kwenye majaribio ya kumchagua mwimbaji wa nchi, yule atakayetuwakilisha Mei kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Cheka umalize. Umemaliza? Haya. Si mpaka uwe mtu mkubwa. Yeyote mwenye wimbo anakwenda mji mkuu, Chisinau, anasimama mbele ya majaji na kamera, anaimba, na nchi nzima inamtazama palepale. Mwaka jana alipanda fundi bomba mmoja akaimba Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe hawajakifikia. Kama yeye alipita mlangoni, mimi nitapita hata ukutani.

Nitaimba ule niliokutumia Juni, siku yako ya kuzaliwa, "Ndara Mlangoni". Ndara zenyewe bado zipo pale ulipoziacha miaka minne iliyopita. Babu huzipangusa kila Jumapili akidhani simwoni.

Sheria zao ni kurasa kumi na moja. Nimesoma ya kwanza na ya mwisho, za katikati ni wanasheria wanaongea peke yao. Wimbo usizidi dakika tatu! Kwenye harusi zetu dakika tatu ni za kusafisha koo tu. Halafu kodiani ruksa kuishika, marufuku kuipiga. Muziki wote unatoka kwenye rekodi, sauti ya mtu tu ndiyo hai. Yaani nisimame na kodiani bubu kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

Lakini kuna sheria moja tamu. Mei, nchi haijipigii kura yenyewe. Babu hata abonyeze simu mpaka kidole kiote sugu, haihesabiwi. Watakaonipigia ni ninyi mlio nje. Wewe huwezi kuja, najua, ukitoka huko bila vibali huruhusiwi kurudi tena. Basi nitakuja mimi, kupitia televisheni ya Signora. Nataka hilo tu, mama: unione nikiimba.

Mwanao mzuri kuliko wote (niko peke yangu, najua),
Tolea


Padova, 14 Desemba

Mwanangu Tolea,

Nimepokea barua, jibini, na mtungi mmoja na robo tatu. Fedea anasema ni barabara mbaya. Mimi mzima, goti linanisumbua ngazi za asubuhi tu. Signora sasa anakula, ila lazima nimwimbie kwanza. Unaona ulikoirithi kazi. Babu asinywe divai hiyo ikiwa baridi, na wewe funga zipu.

Nimecheka kweli, kisha nikaingia jikoni nikalia kidogo, si sana. Nenda mwanangu. Nenda ukaimbe. Kama kuna mtu wa kusimama mbele ya watu bila kuona haya ni wewe, tangu una miaka mitatu ulipowahutubia wageni wa ubatizo ukiwa uchi.

Nikuambie siri ambayo nilikuwa nakuficha usije ukavimba kichwa. Wimbo wako huku ni maarufu. Alhamisi mchana, tunapopewa mapumziko, wanawake wote wa kwetu tunakutana bustanini karibu na stesheni. Julai nilimsikilizisha Aglaia, yule wa Soroca anayemtunza padri mstaafu. Akalia mpaka pua ikawa kama bilinganya. Akaurekodi kwa simu yake palepale bustanini, wenzetu wote wakisikiliza, akauweka mtandaoni ili na dada yake wa Bologna ausikie, na dada akawapa wenzake. Sasa hata Roma wanauimba wakipiga pasi. Mimi wananiita Mama Ndara.

Vaa soksi za sufu nilizotuma. Na soma hizo kurasa za katikati, tafadhali.

Mamako


Valea Nucului, 27 Januari

Mama, nabusu mikono yako, yote miwili,

Goti? Signora? Wazima? Nijibu baadaye, sasa nisikilize mimi.

NIMEPITA. Mwanao yumo kwenye kumi na wawili wa fainali!

Tulikuwa sitini na zaidi. Mbele yangu alikuwepo mwalimu wa kemia aliyeimba kuhusu nyuki, amevaa mbawa, na ubawa mmoja ukakwama mlangoni. Nyuma yangu binti mmoja anaitwa Mirabela, sauti kama kengele, anatapika kwenye ndoo kila baada ya dakika kumi kwa woga. Nikamwambia, "Dada, usiogope, nafasi ya pili ni heshima pia." Akanirushia kitambaa alichojifutia.

Nikaingia. Jaji mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Umesomea wapi muziki?" Nikamwambia, "Kwenye harusi mia mbili na misiba arobaini." Akauliza, "Na shule?" Nikasema, "Darasa la nane, mheshimiwa, kisha shule ikanichoka." Watu wakacheka. Halafu nikaimba, mama, na hawakucheka tena. Kwenye ubeti wa pili, pale pa Babu kupangusa ndara, yule mwenye miwani akavua miwani. Sikukosea hata neno. Nilisahau tu kwamba kodiani ni bubu, nikaivuta ikalia, fundi wa sauti nusura azirai.

Kijijini siendi kwa miguu tena, naendeshwa na sifa. Babu ameiba betri ya redio ya jirani aweke kwenye simu, eti anafanya mazoezi ya kupiga kura ya fainali. Nusu ni majaji, nusu ni simu za watu wa nchini. Fainali ni tarehe ishirini na nane Februari. Mwambie Signora Ines asilale mapema mwezi wa Mei.

Mwanao, Tolea wa Televisheni


Padova, 4 Februari

Mwanangu, roho yangu,

Nimezima jiko na supu haijaiva. Signora amekula mkate na jibini na amesema ni heri wewe ushinde kila wiki. Bustanini tumecheza dansi, wanawake wazima na mifuko yetu ya soko, mpaka polisi wakaja kuuliza kuna nini. Wote tukainamia mifuko, maana nusu yetu hatuna vibali. Aglaia akajibu, "Mtoto wake amefaulu." Wakatupongeza wakaenda.

Nguo ya jukwaani upige pasi. Babu arudishe betri.

Mamako


Valea Nucului, 15 Februari

Mama, nabusu mkono wako,

Hujambo? Goti je? Baridi imepungua? Huku theluji imefika madirishani, Babu amechimba njia ya kwenda kwa mbuzi ila si ya kwenda chooni, kila mtu na vipaumbele vyake.

Habari fupi: nimetolewa. Usishtuke, sijambo, nakula.

Zile kurasa za katikati, kumbe zilikuwa na neno. Wimbo usiwe umetoka hadharani kabla ya tarehe mosi Septemba. Mtu mmoja akawapelekea ushahidi kwamba wangu upo mtandaoni tangu Julai na watu elfu tisa wameusikia. Kamati wakaniita Chisinau, wakanikalisha mezani, kwa adabu kabisa, hata chai walinipa. Wakauliza nani aliuweka. Nikawaambia: ni mimi. Na ni kweli, ni mimi, niliuweka Julai nikasahau, si unajua kichwa changu, kizuri kwa nje tu. Nikatia sahihi. Sheria ni sheria, na wao hawana kosa.

Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Usimtafute mwingine. Nafasi yangu amepewa yule mwalimu wa nyuki, natumaini ameshona mbawa.

Jumamosi nina harusi. Kodiani huko inaruhusiwa kulia.

Mwanao, Tolea


Valea Nucului, 8 Machi

Mama, nabusu mkono wako, na heri ya siku ya wanawake.

Mjomba Fedea amekuja mara tatu. Kahawa ipo, soksi zipo, barua hakuna. Nimekung'uta kila soksi. Kwenye simu unaongea na Babu tu, nikishika mimi eti maziwa yanachemka. Mama, Signora ana maziwa kiasi gani?

Fainali alishinda Mirabela, yule wa ndoo. Aliimba vizuri, nakiri, ila usimwambie mtu nilikiri. Babu alimpigia kura mara nne.

Andika hata matusi.

Tolea


Padova, 14 Machi

Mwanangu,

Sijui nianze vipi, nianze na afya. Mzima. Babu mpe salamu.

Barua yako ya Februari nimeisoma hadi imechanika kwenye kunjo. Tolea, wewe uuweke wimbo mtandaoni? Wewe ambaye simu yako imefungwa kwa uzi isimwage betri? Umesema uongo vibaya sana, na mimi niliyekufunza kusema kweli nimekaa wiki tatu nikijificha nyuma ya uongo huo kama mwizi nyuma ya gunia.

Ni mimi. Nilikuandikia mwenyewe Desemba, na unajua. Aglaia alibonyeza, ila mimi ndiye niliyempa, na nilijivuna, na nilitaka dunia ijue. Miaka minne sijakupikia ugali hata siku moja, na kitu cha kwanza kikubwa ulichokipata, mkono wangu ndio uliokiangusha kutoka huku mbali. Aglaia naye hali chakula. Anasema ataandika kwa kamati, ataeleza. Nimemwambia haisaidii, tarehe haibadiliki.

Niambie tu kwa nini. Ungesema "ni mamangu", wangekutoa vilevile, lakini watu wasingekucheka kijijini kwamba umejichimbia shimo mwenyewe. Kwa nini ulibeba peke yako?

Nisamehe, mwanangu. Ningeweza kupiga magoti ningepiga, ila goti unalijua.

Mamako


Valea Nucului, 22 Machi

Mama, nabusu mkono wako, na huo wa Aglaia, mwambie ale,

Kwanza, wanaonicheka ni watu wawili, na mmoja ni Babu.

Pili, kwa nini. Ile fomu ilikuwa na nafasi ya jina na anwani ya aliyeuweka, na mhuri mkubwa kama sahani. Jina la mamangu asiye na vibali, na mtaa wa Signora Ines, niviandike kwenye karatasi ya serikali? Niliacha shule, mama, akili sikuiacha.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine sikuandika kwa sababu niliona haya, na mimi haya siijui, sikujua niishike wapi.

Kamati waliweka ule wimbo aliouweka Aglaia kwenye spika zao kubwa, za studio, ili niukane au niukiri. Ukapigwa mpaka mwisho. Halafu wimbo ulipokwisha, rekodi ikaendelea. Wanawake wanalia, mmoja anapenga kamasi, nadhani ndiye Aglaia. Na juu ya kelele zote, mtu anapiga ukelele: "Ni mwanangu huyu! Mwanangu mimi! Mimi ndiye niliyemzaa!"

Mama, kwenye simu miaka minne unanong'ona, Signora asiamke. Nilikuwa nimesahau kwamba una sauti kubwa hivyo. Bibi wa kamati akashusha kalamu, akaniuliza taratibu, "Huyo ni nani?" Nikainuka nikasogea karibu na spika.

Nilitaka wewe unione nikiimba mbele ya Ulaya nzima. Haikuwa. Ila walikusikia wewe, kwenye spika kubwa kuliko mlango wa zizi letu, ukijisifu kuliko mimi. Sasa najua ni nani niliyemrithi.

Nilitia sahihi. Kisha nikamwomba fundi wa sauti airudie mara moja tu kabla sijaondoka. Akaniuliza kwa huruma, "Kuanzia mwanzo?"

Nikamwambia, "Wimbo naujua, kaka. Niwekee mwisho."

Mwanao,
Tolea