Miguu ya Mama Zaina

Mwalimu Hadija,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tangu tukuzike, lakini ulinifunza kutoanza neno bila salamu.

Darasa lako la kwanza hapa Mgwashi nimepewa mimi. Siku hizi serikali imeruhusu biashara huria, na maduka ya Lushoto yamejaa kalamu za rangi za kila namna. Wewe ulichoresha watoto kwa mkaa, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, nami nikakucheka kwamba unapoteza kipindi. Ulikuwa unachuchumaa kando ya mtoto unamwuliza, "Hebu niambie, hapa kuna nini?" Nikaona mchezo tu. Nisamehe, dada yangu.

Wiki iliyopita Zaina, mjukuu wa jirani yako, alimchora mama yake shambani katikati ya kabichi, miguu haionekani. Mimi mtoto wa mkulima, kabichi nazijua! Nikamsifu mbele ya wenzake: zimestawi hadi zimemficha mama miguu. Nikaweka vema nyekundu. Mtoto akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Kesho yake ndipo nikakukumbuka, nikamwuliza. Akaninong'oneza, "Miguu haimo kwenye kabichi, mwalimu. Sikumchorea, ili asiende Bulwa."

Kumbe mama yake amepata kazi ya kuchuma chai huko. Alipanga kuondoka alfajiri, Zaina akiwa usingizini, kama tufanyavyo wengi tukidhani tunamwepusha mtoto na kilio. Naye Zaina alikwisha kuwasikia mama na bibi wakipanga. Siku zote hizo aliibeba siri hiyo peke yake, mtoto wa miaka saba. Iliniuma sana.

Nilimwita mama, nikampa ile karatasi. Akakaa kwenye dawati la watoto, akajifuta macho kwa kanga. Kazi hakuiacha, hali haimruhusu. Lakini aliondoka saa nne asubuhi, kweupe, baada ya kumweleza mwanawe kila kitu, na Zaina akambebea kikapu mpaka kituoni. Walilia wote wawili. Na mimi pia, mtu mzima.

Jana alimchora tena. Miguu mikubwa kuliko kichwa! Kidogo nimsahihishe. Nikachuchumaa, nikauliza.

"Bulwa ni mbali, mwalimu. Ikiwa midogo atarudije?"

Lala salama, Mwalimu wangu. Nakuahidi, katika darasa lako kalamu nyekundu haitatangulia tena swali lako.

Mdogo wako,
Neema