Nilivyoshuka Kabla ya Kituo

Moshi, Jumatano, Julai 2006

Baridi. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Wingu limeshuka mpaka juu ya mabati ya mtaa wa Majengo, na watu wanapita wamejikunja kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Nimevaa koti langu la reli, lile zito la zamu za usiku. Tabora lilikuwa linanitoa jasho. Huku limekuwa rafiki.

Nina wivu. Nimeona niliandike neno hilo mapema, maana nikilichelewesha nitaanza kulipamba.

Namwonea wivu mama mmoja wa Machame aitwaye Aikande, aliyepiga kinanda kanisani tangu usichana wake na sasa anaishi Rau kwa binti yake. Ni mama mpole, ana kicheko kizuri, na hajanikosea lolote. Hilo nalo linaniudhi.

Nianzie kwa Ramadhani. Nyumba yake na chumba nilichopanga vinatazamana, barabara katikati. Enzi zake alipiga gita katika bendi za dansi, Arusha na hapa Moshi, mpaka vidole vilipokakamaa. Tangu nirudi kutoka Tabora, kila Jumapili baada ya chakula tunakaa barazani kwake na kucheza mchezo wetu. Mmoja anaweka kanda, tunasikiliza mwanzo, tunazima, tunabishana. Kisha tunaizungusha mpaka mwishoni, tunasikiliza mwisho, tunabishana tena. Katikati hatupagusi. Katikati ya wimbo kila mtu anajua kukaa. Ustaarabu wa mtu unauona anapobisha hodi na anapoaga.

Ramadhani anapenda mwanzo wa gita moja. Anasema bendi nzuri haiingii yote kwa pamoja kama watu wanaogombea mlango. Solo anatangulia, anazungusha kifungu chake mara mbili tatu, besi anamjibu, na ngoma zinapoingia miguu yako imeshakubali bila kukuuliza. Mimi humjibu kwa matarumbeta ya msibani huko Machame nilikozaliwa. Kabla ya noti ya kwanza wapigaji wote huvuta pumzi pamoja, na pumzi ile inasikika. Kwangu mimi wimbo umeanza hapo.

Kwenye miisho ndipo tunapogombana. Kuna zile simfoni za Ulaya zinazomaliza kwa kishindo, halafu kishindo kingine, halafu kingine. Ramadhani anazicheka: "Huyu ni mgeni aliyeaga, akafika getini, akakumbuka habari ya ng'ombe." Mimi nazipenda kwa sababu hiyohiyo. Kwetu mgeni haagi mara moja. Mnaagana ndani, mnaagana uani, unamsindikiza mpaka barabarani, na huko ndiko mazungumzo yenyewe yanakoanza. Nyimbo za vijana wa sasa, zinazofifia huku mwimbaji bado anaimba, hatuzitaki sote wawili. Huyo ni mtu anayetoroka kwenye sherehe. Na watangazaji wa hizi redio mpya, wanaoongea juu ya mwanzo na kukata mwisho ili waweke tangazo la sabuni, tumewalaani kila Jumapili kama sehemu ya ibada.

Hata sasa, katika duka hili la intaneti ninapoandikia haya, bwana wa kompyuta ya pili anaruka wimbo baada ya wimbo. Anasikiliza hodi, anafunga mlango. Hodi, mlango.

Katika mchezo wetu mimi nilikuwa na turufu.

Ni kanda niliyotoka nayo Tabora. Marehemu mke wangu, Anjela, aliirekodi mchana mmoja nikiwa zamu stesheni. Aliweka kinasa sauti mbele ya redio, akabonyeza, akakaa kimya. Jina la muziki halimo. Unasikika mkia tu wa sauti ya mtangazaji, wa nchi ya mbali, kisha filimbi moja inaanza. Kuku analia mahali. Anjela anakohoa, mara moja tu. Mwishoni nyuzi zote zinapanda ngazi, juu, juu zaidi, na ngazi ya mwisho haipo. Kimya.

Jioni ile alinichezea nikiwa sijavua hata kofia. Nikamwambia mtunzi huyu ni jasiri kuliko wote: amekufikisha mlangoni, akakuachia wewe mwenyewe ufungue. Anjela alitabasamu, akaenda kuwasha jiko.

Tangu siku ile nimeueleza mwisho huo kwa wageni, kwa wafanyakazi wenzangu, kwa padri mmoja aliyesinzia, na hatimaye kwa Ramadhani, ambaye aliinua kofia na kusema hana jibu. Ndiyo maana nauita turufu.

Aikande alikuja mwezi wa tano. Binti yake anashonesha nguo kwa Mama Zubeda, mke wa Ramadhani. Siku ya kwanza tu aliniuliza kama watu wa kwetu wanavyouliza: "Wewe ni wa kwa nani?" Nikamtajia baba.

"Ahaa! Kile kihamba cha juu ya mfereji, chenye mparachichi! Yupo Eli pale, mdogo wako. Kahawa yote ameng'oa siku hizi, anapanda nyanya."

Alinipa habari za nyumbani kwetu nikiwa barazani kwa mtu mwingine, kikombe chake mkononi. Sikuwa na habari ya nyanya. Kwetu mtoto wa mwisho ndiye hubaki na kihamba, shamba na nyumba ya wazazi, na sina kinyongo na Eli. Lakini mimi niliondoka kijana, nikarudi mzee, na Kichagga changu watoto wa Machame wanakicheka kwa sababu ni cha watu waliokwisha kuzikwa. Aikande hakuondoka. Alipiga kinanda katika kanisa nililobatiziwa. Kila mwanzo wa ibada nilioukosa, aliupiga yeye. Kila mwisho pia.

Nikavumilia. Kisha akapewa kiti changu, kile chenye mikono, karibu na redio. Mimi nikasogezewa kigoda. Ramadhani akaanza kuvaa kofia yake ya Idi siku za Jumapili. Mama Zubeda aliliona hilo, akacheka tu. Aliyekasirika ni mimi. Mke wa mtu hana wivu, jirani anao!

Sasa Jumapili iliyopita. Wiki ya kabla yake Aikande alikuwa ameisikia kanda yangu, akainamisha kichwa, akasema, "Huu naujua. Nina CD yake." Akataja jina la muziki na la mtunzi. Sitayaandika hapa. Nimeishi na muziki ule bila jina nusu ya umri wangu, na yeye analo kama mtu anavyojua jina la mbuzi wake.

Basi Jumapili akaja na CD na mashine ya binti yake kwenye mfuko wa rambo. Tulikubaliana siku hiyo tuusikilize wote, na katikati yake. Sauti ilikuwa safi mno. Kuku hakuwapo. Palipofika mahali pa kukohoa Anjela, pakapita hivihivi. Nyuzi zikaanza kupanda. Nikainua kidole.

"Sikilizeni sasa," nikasema. "Hapa ndipo anapokuacha."

Hakumwacha mtu. Ngazi ya mwisho ilikuwepo. Wakaikanyaga, na nyuma yake palikuwa na nyumba nzima, taa zinawaka.

Ramadhani alinitazama. Kisha akakitazama kidole changu, ambacho kilikuwa bado juu.

"Bwana Stesheni," akasema, "kumbe miaka yote hii ulishuka kabla ya kituo!"

Aikande alijifunika uso kwa kitenge, lakini mabega yalikuwa yanamsaliti. "Kanda iliisha tu, kaka," akasema, akijikaza. "Upande wa kwanza uliisha. Inawatokea watu."

Mama Zubeda akauliza kutoka ndani kuna nini. Ramadhani akamjibu kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie, kwamba karani wa reli amepotea stesheni.

Nikainuka. Sikuaga. Nilivuka barabara muziki bado unaendelea mgongoni, nikaingia chumbani, nikafunga dirisha ili nisisikie zaidi. Mimi, mlaani mkuu wa wanaokata miisho.

Ningeweza kuishia hapo na kusema nilifedheheka, yakaisha. Lakini Jumatatu, nikiosha vikombe, nilijikuta naimba kwa pua. Kipande kifupi, kile nilichokisikia wakati navuka barabara. Mikono ikasimama kwenye maji.

Nilikuwa nakijua. Nilikijua zamani, kutoka Tabora. Ndicho Anjela alichokuwa akiimba kwa pua jikoni akipuliza mkaa. Mimi nilidhani ni wimbo wa kwao.

Kanda iliisha. Redio haikuisha.

Yeye alikuwa ameketi pale mbele yake. Kinasa sauti kilipojizima, yeye aliendelea kusikiliza, mpaka mwisho, peke yake, mchana wa Tabora, na mimi stesheni napokea mizigo. Halafu nikarudi, nikasimama na kofia kichwani, nikamhutubia kuhusu ujasiri wa mtunzi. Na kila nilipomhutubia mgeni juu ya mwisho ule, sasa nakumbuka, Anjela alikuwa na jambo la kufanya jikoni.

Sikujua kama mtu anaweza kumwonea wivu marehemu. Inawezekana. Jumatatu nzima na jana yote nilimwonea wivu mke wangu kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamume yeyote aliyemsalimia kwa muda mrefu. Aliniachia mwanzo na katikati, mwisho akabaki nao jikoni. Alinihurumia? Alikuwa ananicheka? Au alikipenda kile nilichokiona mimi, mlango ulioachwa wazi, akaona asiufunge? Ningempa nini anijibu?

Leo asubuhi mlango ulibishwa. Ramadhani, na bakora yake, na ule mguu mbovu.

"Nimekuja kukusindikiza," akasema.

"Nipo kwangu. Utanisindikiza wapi?"

"Jumapili uliondoka kwangu bila kusindikizwa. Mke wangu ananisema tangu siku hiyo. Haya, vaa koti, twende mpaka msikitini turudi, nilale kwa amani."

Tukatoka. Alitembea polepole na mimi nikatembea polepole zaidi, ili asijue kwamba nimefurahi. Tulipofika kwa wachonga vinyago akasema, "Yule mama anakuonea wivu."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Anasema amepiga kinanda cha kufunga ibada maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyekaa kusikiliza mwisho. Wakishasikia amina, wote mbio nje kwenye mnada wa sadaka, wanagombea mkungu wa ndizi na jogoo. Anamaliza peke yake na mabenchi. Anasema hajawahi kuona mtu aliyependa mwisho kiasi cha kususa kwa ajili yake. Hata kama haukuwa mwisho."

"Asinihurumie."

"Nani amesema huruma? Nimesema wivu. Wewe si mtaalamu wa wivu? Uso umekuiva tangu mwezi wa tano."

Tuligeuka msikitini. Karibu na mlango wangu nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, huo muziki unaishaje.

"Nitajuaje? Ulipofunga dirisha, yule mama alizima. Mimi nikamwambia acha, tusikie. Akasema haumalizwi bila mwenyewe."

Akanipa mkono, akavuka barabara. Nikabaki nimesimama pale kama mzigo usiokuwa na lebo.

Kwa hiyo hakuna anayeujua mwisho huo isipokuwa Aikande na Anjela. Tangu asubuhi nimejaribu kuufikia kwa njia yangu. Nimekaa kitandani, nikaimba kwa pua kama Anjela alivyoimba, nikidhani kumbukumbu yake itanifikisha. Hainifikishi. Kila mara aliimba mpaka mahali fulani, akanyamaza. Alikuwa anaonja mchuzi.

Jumapili nitakwenda. Nitachukua kanda, niwaombe tuanze nayo, na kuku wake na kikohozi chake, mpaka pale inapokatika. Kisha Aikande aendeleze na CD yake kuanzia hapohapo. Ya kwake na ya Anjela, ziunganishwe kama mabehewa.

Wivu sijaupoteza, nisijisingizie. Bado nataka kiti changu. Bado sitaki anijulishe habari za nyanya za Eli kabla sijaziona kwa macho yangu, na huenda ni wakati nipande huko juu nikazione. Lakini Jumapili hii nitakaa kwenye kigoda bila kinyongo, nisikilize mpaka mwisho kabisa, hata kama ni mrefu, hata kama mtunzi naye ana asili ya Uchaggani na ataaga mara nne akiwa getini.

Sitainuka kabla yake.