Mia Mbili Ishirini na Tano, Dirisha Limefungwa

Kinoru, Jumamosi, Julai 1999

Leo ukungu haujainuka tangu asubuhi. Nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia kwenye kamba, nzito vilevile. Baridi ya mwaka jana imerudi, naijua kwa magoti.

Naandika kwenye daftari ambalo si langu. Ni la Mutuma, kifungua mimba wangu, tuliyemzika Julai iliyopita akiwa na miaka ishirini na minne. Kurasa za mbele zimejaa namba zake. Za nyuma ziko tupu, na nimeona heri nizijaze mimi kuliko zibaki hivyo. Nilifika darasa la tano tu, kwa hivyo nikikosea mnisamehe. Sijui hata nawaambia kina nani.

Dada yake, Kendi, alifika saa nne kutoka Embu, anakofundisha shule ya msingi. Alikuja kuchukua kompyuta ya Mutuma ili awachapie watoto mitihani. Mwaka mzima imekaa kando ya kitanda changu, imefungwa kwa shuka. Sikuiuza, sikuifungua, sikuipangusa vumbi. Nikipita naipa mgongo.

Nilikuwa naichukia. Wacha niseme tu.

Mutuma alikuwa na rumu pale Makutano, anachapa barua za watu na kutengeneza kompyuta zilizoharibika, na analala hapo hapo. Hii aliiunda mwenyewe kwa vipande vya mtumba kutoka Nairobi. Halafu akaanza kuilazimisha ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani. Ndani yake kuna vijiplastiki vidogo kama meno ya panya. Ukihamisha kimoja, mwendo unapanda. Siku moja nikamuuliza, sasa inakimbia inaenda wapi? Alicheka mpaka akakohoa.

Lakini alinieleza, tena kwa kazi yangu. Mimi nafuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiachia uzi kutoka kwenye mpira, huku mimi nasukuma mashine kwenda na kurudi. Akaniambia, "Mama, prosesa ndiyo wewe unayesukuma. Memori ndiyo mimi na uzi wangu. Ukisukuma mbio na mimi sijaachia, inakuwaje?"

"Sindano zinaangusha mishono," nikamjibu. "Na wewe unakula kofi."

"Basi kompyuta haina kofi. Inaganda tu."

Nilielewa. Mpaka leo naelewa.

Shida ni kwamba aliamini inaganda kwa sababu ya joto. Akaitoa kifuniko, akaiweka chini ya dirisha, na dirisha akaliacha wazi kutwa nzima. Julai! Makutano! Upepo unashuka kutoka mlimani na rasharasha juu yake, na yeye amekaa papo hapo. Mtoto mwenye pumu, ambaye tangu ana miezi minane nimelala nimemwegemeza kifuani ili apumue. Nikisema, ananijibu, "Hii ni hewa ya bure, Mama. Huko Nairobi watu wananunua feni."

Nilimsihi. Nilimfumia sweta nzito ya shingo ndefu. Nilimgombeza mbele ya wateja mpaka wengine wakatoka nje. Mwisho, siku moja alipoenda kula, niliingia na nyundo ya jirani, nikalifunga dirisha na kulipiga msumari.

Jioni hiyo alikuja nyumbani na hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, umenifungia kama mbuzi."

Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Nenda kwa hiyo mashine ikupikie. Ndiyo mama yako."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa amesimama kwa miguu yake.

Siku nane baadaye mtu alikuja kuniambia Mutuma yuko hospitali, hapumui vizuri. Nimonia. Nilimkuta na mpira wa hewa puani. Nilimshika mkono siku tatu. Sikumuuliza habari ya dirisha, kwa sababu niliogopa jibu. Yeye alikuwa ananiangalia tu, mdomo unataka kusema kitu na pumzi haitoshi. Siku ya nne asubuhi alituacha.

Daktari alinieleza polepole kwamba kile kifua kilikuwa kimechoka kitambo, kwamba nisilaumu upepo. Sikumwamini. Kwa sababu tulipomaliza kuzika nilienda Makutano kuhamisha vitu vyake, na nikakuta dirisha liko wazi. Msumari hakuna.

Kwa hivyo aling'oa. Ndivyo nilivyojiambia. Nimeomba, nimelia, nimepiga msumari kwa mkono wangu, na mtoto ameung'oa akakaa kwenye baridi mpaka ikammaliza.

Mwaka mzima nimemlilia na kumkasirikia kwa pamoja. Kanisani watu wananipa pole, nami naitikia asante huku moyoni nasema, Mutuma, wewe ni kichwa ngumu, ungenisikia hata mara moja tu. Sijawahi kumwambia mtu. Mama gani anamkasirikia mtoto aliye kaburini?

Sasa leo.

Kendi aliweka mashine mezani aiwashe, aone kama bado ni nzima. Nilitaka kwenda jikoni lakini nikabaki. Ile mashine ikiamka, kabla ya kitu kingine chochote, huandika mwendo wake kwenye kioo. Namba ya Mutuma nilikuwa naijua, mia mbili hamsini. Alikuwa anajisifu nayo kwa kila anayeingia, hata kwa mama anayeuza mandazi.

Leo iliandika 225.

"Imeharibika," nikamwambia Kendi.

"Mashine haijiteremshi yenyewe, Mama. Ni yeye aliteremsha."

Ndipo akaona hili daftari, lilikuwa limekunjwa ndani ya shuka pamoja na waya. Tulisoma pamoja, yeye kwa macho, mimi kwa kidole. Nainakili hapa jinsi ilivyo.

"Prosesa 250, memori 83. Inaganda baada ya dakika kumi."

"Prosesa 250, memori 83, dirisha wazi. Inaganda tu."

"Mama amepiga dirisha msumari. Nimekasirika sana."

"Dirisha bado limefungwa. Nimeteremsha prosesa 208 ili isipate joto. Memori nimeiacha 83. Ni baridi kabisa na bado inaganda. Kumbe si joto. Ni memori haifikii mwendo huo. Dirisha halikuwa na kazi yoyote."

"Prosesa 225, memori 75. Zinaenda sawa. Siku nzima haijaganda, dirisha limefungwa. Mama alikuwa na haki. Nitamwambia."

Baada ya hapo hakuna kitu. Tarehe aliyoandika pembeni ni siku mbili kabla ya hospitali.

Nilisoma mstari wa mwisho mara tatu. Kendi alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa sweta. Nikamuuliza, "Na msumari aling'oa nani?"

"Msumari gani?"

"Wa dirisha. Nililikuta wazi."

Akaniangalia kama mtu aliyesahau sufuria motoni. "Ni mimi, Mama. Siku niliyoenda kumchukulia suti ya kuzikwa. Rumu ilikuwa inanuka unyevu, nikashindwa kupumua. Niliung'oa kwa koleo yake. Kwani wewe ulidhani ni nani?"

Nilikaa kwenye kiti changu cha kufumia.

Nimemkasirikia mwaka mzima mtoto aliyenisikia.

Ungedhani sasa nina raha. Kuna raha kidogo, sitadanganya, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Lakini maumivu yenyewe yako pale pale, hata yameongezeka. Zamani nilikuwa na dirisha la kulaumu. Nikishindwa kulala nalaumu dirisha, nalaumu mashine, nalaumu ukaidi wake. Sasa dirisha lilikuwa limefungwa, mashine ilikuwa imetulia, na yeye hakuwa mkaidi. Daktari alisema kweli. Kimebaki kile kifua chake, ambacho alizaliwa nacho kutoka kwangu.

Na yale maneno ya mlangoni. Hayo hayateremki.

Nafikiria siku zile tatu hospitalini, mdomo wake ukitaka kusema. Leo mchana nilimwambia Kendi, alikuwa anataka kuniambia habari ya dirisha. Kendi akasema ndiyo, bila shaka. Lakini peke yangu hapa najua labda alikuwa anataka maji tu. Sitajua. Naona ni kama nilimkimbiza kidogo maishani. Nilikuwa nasukuma kwa hofu, na yeye uzi wake una mwendo wake. Ilibidi tukosane ndipo kila mmoja apunguze, na mimi sikujua kwamba yeye tayari amepunguza.

Kendi aliondoka saa tisa. Mashine tuliifunga kwa ile sweta ya shingo ndefu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa sababu nilitaka. Nilimwambia Embu kuna joto kuliko huku, asije akaharakisha kitu. Akaniambia, "Mama, namba hiyo hakuna atakayeigusa." Daftari nilimwomba aniachie.

Chini ya mstari wake wa mwisho, pale alipoandika "Nitamwambia," nimeandika kwa kalamu yangu: "Mama ameambiwa." Mwandiko wangu ni mbaya karibu na wake, lakini unasomeka.

Kesho ni Jumapili. Wakinipa pole pale mlangoni mwa kanisa, nitaipokea yote.