Waya wa Bei ya Cherehani

Tarehe 4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo. Mimi sijambo. Nakula, nalala, naamka. Kwenye simu naomba unisamehe. Siku hizi nakusikia kama mtu anayeongea ndani ya kabati, ndiyo maana najibu "naam" hata pasipo swali. Tuandikiane tu.

Nina jambo. Tangu tumzike mama yako, miezi minne sasa, kila asubuhi naweka ile kanda niliyomrekodi studio siku kwaya ilipochelewa, akaimba peke yake. Sauti inatoka imefifia, haina uhai. Nimesafisha deki ya kanda, nimebadilisha spika, wapi. Muuza vyombo vya muziki anasema tatizo ni umeme unavyoingia kwenye amplifaya. Ana waya mmoja mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, umevishwa kitambaa cheusi. Amenipa niujaribu hadi mwisho wa mwezi. Bei yake ni bei ya cherehani, kwa hiyo nimeamua kuuza cherehani ya mama yako. Mama Vifungo, fundi nguo wa mlango wa pili, yuko tayari kuinunua.

Nakujulisha mapema usije ukasikia kwa watu.

Ni mimi baba yako.

Tarehe 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, mkweo anakusalimu, goti lake limepona. Barua yako niliifungua nikiwa juu ya ngazi, kwenye jengo tunalofunga umeme, ikabidi nishuke.

Baba, ni wewe kweli? Fundi mitambo wa redio miaka thelathini, uliyekuwa ukirudi nyumbani unawacheka wanaokuja studio na nyaya za dhahabu? Wewe mwenyewe ulinifundisha. Mpaka umeme ufike ukutani kwako umeshapita kilomita na kilomita za waya wa kawaida, umepita nguzo zilizoinama, na ndani ya ukuta huo waya niliupitisha mimi, tena wa bei ya chini. Hiyo mita moja na nusu ya mwisho itausafisha nini? Waya ukiwa na unene wa kutosha na plagi ikikaza, basi, umemaliza.

Nilianza kushona kwenye cherehani ile hata miguu haijafika vizuri kwenye pedali. Unajua sikulia msibani, na maneno ya watu uliyasikia. Mpaka leo sijalia. Nimekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nilidhani siku moja nitakuja nikae pale, nishone hata kitambaa cha meza, labda kitu kitatoka. Usiiuze kwa maneno ya muuza duka.

Fanya jaribio. Ukiwa umefumba macho, mtu abadilishe waya mgongoni kwako mara kumi bila mpangilio. Yeye aandike alichochomeka, wewe uandike ulichosikia. Kila mara aanzie palepale, ubeti wa pili. Ukipata tisa kati ya kumi, uza, sitasema neno.

Mwanao.

Tarehe 15 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za goti.

Nimekubali. Mama Vifungo ndiye atakayebadilisha, maana hakuna mwingine anayeingia humu ndani. Nikikosa, cherehani ni yako.

Ya nguzo nayajua. Nayajua yote, mwanangu, hujanifundisha kipya. Lakini mimi nililia siku ya kwanza tu, halafu pakakauka. Nasimama jikoni sikumbuki nimefuata nini. Si huzuni, huzuni ningeitambua. Naweka kanda ya mke wangu nasikiliza kama taarifa ya hali ya hewa. Huo waya ukiweza kunirudishia hata robo, ni rahisi.

Baba yako.

Tarehe 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Yaani mnunuzi ndiye hakimu? Kesi ya nyani umempelekea ngedere! Haya, ahadi ni ahadi. Niandikie matokeo siku hiyohiyo.

Mwanao.

Tarehe 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mwezi umeisha, nimengoja barua, hakuna. Nikipiga simu haipokelewi.

Nimeelewa kwamba umeshauza. Nilikaa nikisubiri hasira ije, haikuja. Nikarudi kazini nikafunga soketi sita. Niambie tu kama unakula.

Mwanao.

Tarehe 19 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Nakula. Nisamehe kwa kimya, kila nikishika kalamu mkono ulikuwa unagoma.

Cherehani ipo, nimeifunika shuka. Waya niliurudisha mwenyewe. Muuzaji aliniambia masikio yangu bado hayajakomaa. Nikamwambia yana miaka sabini na moja, yakomae lini tena? Keshokutwa naenda kuyapima. Mama Vifungo atanisindikiza aniandikie atakachosema daktari.

Jaribio lilikwenda hivi. Nilikaa nimeelekea ukutani, macho nimefumba. Mama Vifungo alikuwa nyuma, anarudisha kanda hadi ubeti wa pili, anabadilisha waya wa amplifaya, anabonyeza deki. Deki ina waya wake, huo hakuugusa. Mara saba nilijibu kwa uhakika kabisa. Baadaye tuliona nimepatia tatu.

Mara ya nane nikasikia kitufe cha deki kikilia tak, nikangoja, nikamsikia mama yako. Safi, kama yumo chumbani. Kabla ya ubeti alivuta pumzi kwa pua, ile pumzi ambayo mtangazaji alitaka tuikate siku ile nami nikamkatalia. Miezi yote hii nilikuwa sijaisikia. Nikaandika GHALI kwa herufi kubwa.

Mama Vifungo angeweza kunificha, na kwa furaha ile ningemuuzia cherehani hata bila kuhesabu. Akazunguka mbele yangu, akainama karibu na sikio.

"Mzee, unisamehe. Mteja aliniita mlangoni, nikasahau. Sijachomeka waya wowote. Amplifaya imezimika."

Akanionyesha nyaya zote mbili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule.

Yeye ndiye aliyeona aibu. Mimi kifua kiliniuma, binti yangu, kiliniuma sana, na nikafurahi kwamba kimeuma. Nyuma yangu kanda ilikuwa bado inazunguka. Akataka kuchomeka ule wa kawaida tuendelee na mara ya tisa. Nikamshika mkono. Nikamwomba aviache vyote, akae kidogo, mama yako alikuwa hajamaliza kuimba.

Baba yako.