Kona Isiyowekwa Ndala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba maneno haya yakukute umekaa, umeshakunywa dawa ya presha, na lile goti limekupa nafasi leo. Mimi mwili ni mzima. Naomba akusomee dada Mwanaidi, asikusomee Najma. Mtumeni dukani kwanza, ndipo mwendelee. Ningepiga simu, lakini najijua: nikisikia sauti yako nitaanza kuuliza habari za minazi, halafu nitakata.

Nilipoomba uhamisho kuja Geita, wenzangu walisema nimefuata dhahabu. Wewe ulijua nimefuata nini, ndiyo maana siku ile stendi hukulia. Tangu kaka Shabani aje huku kuchimba, mwanawe Najma akiwa bado ananyonya, hatujapata hata salamu. Na wewe hitima umekataa, unasema mtu aliye hai hasomewi. Nimemuulizia kwenye machimbo mengi, mpaka Kharumwa nimefika. Shida ni kwamba wachimbaji hawaitani majina waliyopewa na wazazi wao. Mmoja ataitwa kwa kabila lake, mwingine kwa kofia yake, mwingine kwa ulafi. Ukimtaja Shabani Omari, watu wanakutazama tu.

Sasa sikiliza. Kazini wamenipa mtaa mmoja ulio pembeni mwa mji, wenye kiwanja kidogo cha watoto. Bembea imekatika mnyororo, mtelezo umeliwa na kutu mpaka unachana kaptula. Kazi yangu ni kuwafanya wakazi waseme wenyewe wanataka kiwanja kiweje. Mikutano ya kukaa kwenye viti nimeichoka, wanasema wale wale kila siku. Nikawaita kiwanjani Jumamosi asubuhi, nikawaambia kila mtu aache ndala zake pale anapotaka kitu kipya kiwekwe. Walicheka sana, wakaona huyu mtu wa pwani ana vituko, lakini wakavua. Akina mama waliziweka karibu na bomba ili wawaone watoto wakati wanachota maji. Wazee walizirundika kivulini, wanataka benchi lao na watoto wakachezee mbali. Nilifurahi, nikajiona fundi.

Kona ya upande wa mashariki haikuwekwa hata ndala moja. Kwa ujuaji wangu nikavua zangu, nikaziweka katikati ya ile kona, nikatangaza kwamba bembea zitakaa hapa, maana nafasi ni nzuri. Hakuna aliyebisha. Nimejifunza kwamba huku mtu akikataa jambo habishi, anakusalimia upya. Mwenyekiti wa mtaa alinisogelea akaniuliza kama nyumbani kwetu wote ni wazima.

Nikawageukia watoto, nikawauliza ni mchezo gani wanaoupenda, tusije tukaufukuza. Msichana mmoja akasema ni ule wa kugonga. Wakakimbilia pale kwenye kona, wakapiga magoti kuzizunguka ndala zangu. Mmoja akagonga ardhi kwa jiwe, polepole, akaacha, akagonga tena. Kisha wote wakalaza masikio chini, kimya. Anayewahi kusikia ndiye mshindi. Nikamuuliza yule msichana wanasikia nini.

"Wanajibu," akasema, kawaida tu, akapangusa vumbi sikioni.

Nilipowatazama watu wazima, wote walikuwa wameinamisha macho. Aliyekuja kuziokota ndala zangu ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, anayeuza uji kando ya barabara. Alinipa mkononi, akanivuta pembeni, akanieleza. Kabla nyumba hazijafika pale palikuwa na duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia. Siku moja lilititia likiwa na watu ndani, mumewe akiwa mmoja wao. Waliokuwa juu walifukua kwa mikono, wakawa wanagonga mawe na wa chini wanajibu. Mvua ikaja, udongo ukazidi kumeguka, wakakatazwa kuendelea. Mlio wa chini haukukoma siku hiyo, uliendelea mpaka ukachoka wenyewe. Baadaye wakajaza kifusi. Kila masika kinadidimia, nao wanaongeza kingine. Ule mchezo hakuna aliyewafundisha watoto. Wameupokea kwa wakubwa zao, ambao waliwaona mama zao wakigonga na kusikiliza.

Nikamuuliza ni kina nani waliokuwa humo. Wengi aliwajua kwa majina ya utani tu, kwa sababu alikuwa akiwapikia. Aliwataja, halafu akasita.

"Na mmoja wa pwani, tulikuwa tunamwita Mswahili. Mpole yule. Chai alikuwa anaitia chumvi, mwanangu. Nikamcheka. Akasema ndivyo anavyokunywa mama yake."

Mama, nimekula kwenye nyumba nyingi, na sijamwona mwanamke mwingine anayetia chumvi kwenye chai. Nililia pale pale mbele ya watu niliokwenda kuwaongoza, na mkutano ukaishia hapo.

Tulikutana tena, safari hii kila mtu akiwa na viatu vyake miguuni. Wamekubaliana bembea zikae karibu na bomba. Kona ile itazungushiwa ukuta mfupi, maana hata mtaalamu aliyekuja kupima amesema ardhi haijatulia. Ukutani yataandikwa majina. Mama Kulwa hataki ya utani, anasema hayo tuliwaita tukiwa tunacheka nao. Wametuma watu Chato na Nkome kuwatafuta ndugu wa wengine. Kwa yule Mswahili hawakutuma mtu, walinitazama mimi.

Jina la kaka sijalitaja. Najiambia pwani ni kubwa, labda ni mwingine. Juzi mchana, watoto wakiwa shule, nilikwenda pale peke yangu nikagonga, nikalaza sikio. Sitakuambia kama nilisikia kitu, kwa sababu mwenyewe sijui kama nilisikia au nilitaka kusikia. Naogopa, mama. Nilikuja kumtafuta, na sasa naomba nisiwe nimempata.

Nisalimie mjomba Hatibu, mwambie ile dawa ya kikohozi nimeipata. Nisalimie shangazi Bi Zena na jirani yetu Mama Tatu, ambaye najua yupo hapo mlangoni anasikiliza. Najma mbusu kwenye paji la uso, lakini mengine msimwambie bado.

Fundi yuko tayari kuandika ukutani, nimemwomba asubiri. Jina lile ulilichagua wewe, siwezi kulitoa bila ruhusa yako. Nikimpa, hitima itabidi isomwe. Niambie tu, mama: aandike Shabani, au aache pawe wazi?

Mwanao,
Rehema