Mama mkwe kwenye ofisi ya safari

Shoga, acha unachofanya usome. Ndiyo kwanza tumetoka ofisi ya safari mimi na dada.

Si unajua wodini anakofanya kazi wamempa likizo ghafla? Nyumbani akaaga anakwenda semina. Shemeji ukimtajia msitu wa mvua anawaza malaria tu, na magofu ya kale kwake ni nyumba iliyokosa fundi. Basi dada akaamua kwenda kuyaona peke yake, nami nikamsindikiza kukata tiketi.

Wakala anatuonyesha picha ya hekalu lililomezwa na miti, mara mlango ukafunguliwa.

Mama mkwe.

Mama mkwe wa dada, shoga! Yule aliyeaga anakwenda kwa mdogo wake kupumzisha goti. Amevaa buti mpya za kupandia milima.

Dada akasema, "Shikamoo mama." Maskini, hicho ndicho kilichomtoka.

"Marahaba. Kumbe semina ni hapa?"

Dada, naapa, akamuuliza, "Na goti, mama?"

Nikatazama feni. Sikuwa na pengine pa kutazama.

Mama mkwe akavuta kiti, akaketi. "Mwanangu anajua?"

"Hajui."

"Hajui," akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi. Kisha akamgeukia wakala: "Chumba kimoja, vitanda viwili."

VITANDA VIWILI, shoga.

Wanaondoka kesho. Sasa hivi wako duka la dawa wanachagua dawa ya mbu, na mama mkwe anamwita dada "mwanangu." Tangu aolewe hajawahi kumwita hivyo.