Ukurasa wa Makosa ya Watoto

Umoja, Nairobi
Jumamosi

Dadangu Triza,

Salamu nyingi zikufikie huko Kimilili, wewe na wajukuu. Goti lako linasemaje msimu huu wa mvua? Mimi ni mzima, ila kifua chanikumbusha umri. Miaka zaidi ya thelathini tangu tufurushwe shambani, na bado nikiamka nageukia upande ulikokuwa mlima.

Wajua kwamba ningali nafundisha hesabu katika shule ya kanisa hapa mtaani. Kila Alhamisi sisi walimu wa hesabu huandaa masomo pamoja. Mmoja hufundisha, wengine tukakaa madawatini na kukosea kama watoto. Mwalimu Apondi huandika kila kosa na dawa yake katika ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ndio somo lenyewe.

Seth Okumu, mwalimu mwenzetu wa hesabu, hakuwahi kukaa nasi. Alisema wazee tunacheza kalongolongo kama watoto. Hata hivyo alinakili maandalio yetu, akatia jina lake, akapewa kukaimu unaibu wa mwalimu mkuu uliostahili kuwa wa Apondi. Apondi akaniambia nimwachie Mungu. Sikumwachia.

Wiki iliyopita wakaguzi wa dayosisi walikuja kumtazama Seth akifundisha ili wamthibitishe. Alichukua faili yetu, somo la sehemu. Mitchelle wa Gredi ya Nne akauliza: ikiwa nne imezidi tatu, mbona robo ni ndogo kuliko thuluthi? Seth akapekua karatasi mbele na nyuma, kisha akamwambia akae, hilo halitahiniwi. Nami nilikuwa nimeketi darasani kutazama; nyuma yangu mtoto akanong'ona kwamba ticha ameisha chaji. Hawakumthibitisha.

Dada, ukurasa wa mwisho niliutoa mimi. Nilijua swali lile lingekuja; kila mwaka yupo anayeuliza. Nilimtazama akitokwa jasho, nikashiba.

Ila Apondi anaamini kwamba ni yeye aliyesahau kuutia katika faili. Alimwomba Seth radhi mbele ya walimu wote, akilia, na Seth akamwambia kazi yake ni ya ovyo. Mimi nilikuwa papo hapo na kikombe changu cha chai. Niliimaliza, nikaenda darasani. Alhamisi hii hakuja kuandaa masomo nasi.

Seth simhurumii, hata leo. Ukurasa wenyewe nimeutia humu, mwandiko wa Apondi. Siwezi kulala nao nyumba moja, wala sijapata ujasiri wa kumrudishia. Utunze. Nikifa kabla sijamwambia, mpelekee wewe.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na umwombee nduguyo.

Kweyu